Kazi Yangu Ilikuwa Kumnyamazisha Senge

Nimestaafu nikiwa kidato cha tatu. Wapo watakaosema nilifutwa, na kuna siku hata mimi huona hivyo, lakini kwa kuwa mwenye kalamu ni mimi, tutasema nimestaafu. Sikupewa saa ya ukutani wala blanketi, na hakuna aliyesimama kutoa hotuba. Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mlio kazini, au mtakaosukumwa kwenye kazi hii kama nilivyosukumwa mimi: kazi ya kumtayarisha mtu mzima wa nyumba yenu kwa mtihani wa Kiingereza. Habari ya mshahara tuiache, nisije nikalowesha karatasi.

Mtu mzima wangu alikuwa Nekesa, dada ya Baba. Sisi Wabukusu shangazi tunamwita Senge, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa, kwa sababu nikimwita kwa jina tupu na asome hii, nitarudishwa kazini kwa kiboko. Senge alikuwa msaidizi wa wodi katika kliniki moja hapa Bungoma. Alitandika vitanda, akaosha wagonjwa, akabeba mabeseni yenye vitu ambavyo sitavitaja maana huenda kuna mtu anasoma huku anakula. Alitaka kuwa nesi tangu mimi sijazaliwa. Mwaka huu chuo kimoja kule Kitale kikamkubali, ila kwa sharti: afanye mtihani wa Kiingereza wa kiwango cha chuo, wa kusoma na msamiati, na apite. Ukianguka unarudia mara moja. Ukianguka tena, nafasi yako anapewa mwingine aliye kwenye foleni. Na Senge umri wake si wa kukaa kwenye foleni.

Siku yangu ya kwanza kazini ilianzia kwenye kochi. Baba aliingia akanikuta nimejilaza na simu.

"Wewe si ndiye unajua Kiingereza sana? Juzi ulinijibu nayo hadi nikakosa la kusema."

"Nilikuwa naomba msamaha, Baba."

"Hiyo hiyo. Kuanzia leo utamsomesha Senge wako."

Huo ndio uliokuwa usaili. Wengine huvaa tai.

Tuanze na vifaa. Msinunue kadi. Chukueni pakiti za unga, zikung'uteni vizuri, mzikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Nimesema mzikung'ute. Mimi kundi langu la kwanza sikulikung'uta, na mende wakasoma msamiati kabla ya Senge. Upande mmoja andika neno, upande wa pili usiandike maana. Andika jina la mtu. Hii ni mbinu yangu mwenyewe na ninaiacha bure. Neno lisilo na mwenyewe hupotea kabla ya chai ya jioni. Kwa hivyo *reluctant*, yaani mwenye kusitasita, alikuwa Baba akiitwa kuosha vyombo. *Abundant*, tele kupita kiasi, yalikuwa mashauri ya Kukhu, nyanya yangu wa Kamukuywa. *Scarce* ilikuwa nyama mwezi wa Januari. Senge akiona kadi anamwona mtu, akimwona mtu anacheka, na akishacheka hasahau. Ubaya wake ni kwamba Baba akipita na sahani, Senge alikuwa anaangua kicheko na hakuna wa kumweleza mzee kwa nini.

Msamiati ulimwingia haraka mno. Nikajiona mwalimu wa walimu. Hapo ndipo wanaoanza kazi hujikwaa: unapima kile unachojua kupima. Mimi nilijua kuuliza na kujibiwa kwa mdomo. Vifungu virefu vya kusoma tulivifanya hivi: Senge alisimama katikati ya sebule, akashika kitabu kwa mikono miwili, akainua kidevu, akaanza. Ni msomaji wa somo kanisani, na anasoma ili wasikie hata akina mama waliosimama mlangoni na watoto wanaolia. Kifungu cha mmomonyoko wa udongo kilitoka kinywani mwake kama nabii ameteremka. Akimaliza, namuuliza maswali, anajibu yote. Mimi nikakaa nikifurahia kama niko kwenye kiti cha mbele.

Kisha akaenda Kitale kufanya mtihani wenyewe, mimi nikiwa naye kwa sababu tulikuwa tumefunga shule. Nilikaa nje kwenye benchi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Senge, vipi?"

"Wamenichapa kidole."

"Wamekuchapa?"

"Hivi." Akaweka kidole kwenye midomo, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. "Yule msimamizi alikuja mara ya kwanza akafanya hivyo. Nikaona sawa. Akarudi, akasema akirudi tena ananitoa, nasumbua wengine."

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na nani! Nilikuwa nasoma."

Tukatazamana. Chumba kizima cha kompyuta, watu wamenyamaza kama samaki, na shangazi yangu anawasomea somo la kwanza.

"Basi baada ya hapo nikafunga mdomo," akasema. "Macho inapita juu ya maneno, inapita tu, na hakuna kitu inaingia. Nilisoma ukurasa mmoja mpaka saa ikaisha."

Matokeo yalithibitisha hivyo hivyo. Upande wa msamiati alikuwa amepaa. Upande wa kusoma, afadhali nisiseme. Mtihani wa kurudia ulikuwa umebaki wiki chache, na baada ya huo hakukuwa na mwingine. Senge alirudi wodini kutandika vitanda na hakumwambia mtu yeyote pale kliniki. Mimi nilianza kula kucha, na mpaka leo kidole gumba hakijanisamehe.

Nikafanya uchunguzi kama daktari. Nilimpa kifungu kifupi kuhusu kahawa nikamwambia asome kimya. Akakitazama, midomo imebanwa, shingo imekaza kama anayemeza kidonge kikavu.

"Haya, kinasema nini?"

"Sijui," akasema. "Sikusikia."

Nilitaka kucheka, na nikashindwa.

Jirani yetu Bi Zuhura ni fundi wa nguo, cherehani yake iko barazani upande wa msikitini. Nilikwenda kwake kuchukua sketi ya shule na nikamkuta anakata kitambaa huku pini zimejaa mdomoni. Alikuwa hasemi kitu, kila jambo anajibu kwa nyusi. Nikajisemea, suluhisho ndilo hili. Pini sikuthubutu, maana nilihitaji Senge afike Kitale akiwa mzima. Nilimpa mrija wa soda aushike kwa midomo huku anasoma. Ukianguka, umesoma kwa sauti, unaanza upya. Mrija ulianguka kabla hajamaliza mstari. Nikajaza maji mdomoni mwake. Hapo tulifika aya ya pili, Baba akaingia na sahani mkononi, Senge akamkumbuka *reluctant*, na maji yote yakaishia kwenye kitabu changu cha Kemia. Kurasa zile hadi leo zimejikunja kama mandazi. Nikamrudishia maji mengine, akajikaza, na midomo haikusogea. Nikasogeza sikio. Kooni alikuwa ananguruma kama friji. Na bado hakuelewa chochote.

Nikarudi kwa Bi Zuhura kufuata sketi na kulalamika. Alitoa pini mdomoni moja moja akazichoma kwenye kifuko cha pini.

"Mwanangu, unamfunga mdomo, mdomo umekukosea nini? Mimi chuoni, kule madrasa, tulikuwa tunasoma Kurani kwa sauti ili mwalimu asikie tukikosea. Kila mtoto na sauti yake. Lakini barua za marehemu mume wangu, wakati ananiposa, unadhani nilizisoma kwa sauti? Mama yangu akiwa chumba cha pili?"

"Ulisomaje?"

"Kimya. Na nilielewa hata pale ambapo alikuwa hajaandika."

Nilitoka pale mbio bila sketi.

Jioni ileile nilimtegea Senge jikoni. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp, na siku hiyo lilikuwa linawaka moto kwa sababu binamu yetu mmoja wa Misikhu alikuwa ameondoka nyumbani kwenda kuolewa bila kuaga mtu. Simu ya Senge ililia. Aliichukua, akageukia ukuta, akaiweka karibu na kifua kama mtu anayeangalia karata zake. Ujumbe ulikuwa mrefu, umeandikwa na anti mmoja asiyejua nukta ni nini. Midomo ya Senge ilikuwa imefungwa. Koo lilikuwa limetulia. Macho yakakimbia mpaka chini, yakapanda juu, yakarudi katikati.

"Ati nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu."

"Senge, niambie bana."

Akatazama mlangoni kwanza. Kisha akanimwagia yote: nani alijua, nani alijifanya hajui, na kwa nini yule anti aliyeandika ndiye aliyemsaidia binamu kubeba masanduku. Hilo la mwisho halikuandikwa popote. Alilichota mwenyewe kati ya mistari, kimya, akikoroga mboga kwa mkono mwingine.

Sikulala vizuri kwa furaha. Kesho yake nilichukua kifungu kuhusu nyuki kutoka kitabu cha mazoezi, nikakichapa kwenye simu, juu yake nikaandika: USIMWONYESHE MTU. Nikamtumia akiwa amekaa mezani na sisi wote. Alifungua, akageuka upande, akasoma mpaka mwisho. Baba akauliza kuna nini. Senge akasema, "Ni mambo ya kazi." Baadaye tulikutana nyuma ya nyumba.

"Sasa hao nyuki?"

"Wacha tu. Malkia amezeeka, na wale wengine wanalea mwingine kando, na yeye hajui."

"Nani alianza?"

"Ni wale wafanyakazi. Lakini mwandishi anawatetea."

Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yetu kwa wiki zote zilizobaki. Nilimtumia udongo, nikamtumia mito, nikamtumia utunzaji wa chanjo kwenye barafu, kila kimoja kimefungwa kama siri ya ukoo. Niwaonye kuhusu hasara ya mbinu hii: mwanafunzi wenu ataanza kumshuku kila mwandishi. Senge alikuwa anajibu mambo ambayo hayakuandikwa. "Huyu wa mito anaficha kitu," alisema siku moja. Ikabidi nimfundishe kusimama pale maandishi yanaposimama. Mtihani hautaki unachokijua kuhusu watu, unataka kilichoko kwenye karatasi. Hilo lilitusumbua kuliko msamiati wote. Na kila akipata jibu moja vibaya, nilimwona akitaka kufungua mdomo, kama mtu anayetafuta ukuta gizani.

Kisha ikaja Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani, na kwenye ratiba ya kanisa somo la kwanza lilikuwa lake.

"Senge, wiki hii usisome," nikamwambia. "Mdomo utarudi."

"Nani atasoma?"

"Yeyote! Si kuna watu na digrii huko."

Alikuwa anapiga pasi ile leso yake ya kanisani. Hakuniangalia.

"Unajua Kukhu hajui kusoma," akasema. "Nikiwa mtoto barua ikija nyumbani, mimi ndiye nasoma, yeye anainamisha kichwa hivi. Nikiruka neno anajua. Shuleni nilisomea darasa. Wodini nasomea wagonjwa karatasi ya dawa. Kanisani nasomea watu. Mimi sijawahi kusoma kitu yangu, Nanjala. Hata hii ya simu ni kwa sababu unaningoja huko nyuma ya nyumba nikuambie. Sasa nikikaa kwa hiyo kompyuta, kusoma kimya peke yangu, nasikia kama naiba."

Mimi ni mtu wa kuwa na jibu. Walimu wangu wote watawaambia, na wengine wameandika kwenye ripoti. Siku hiyo nilishika ncha ya pili ya leso tukaikunja.

Jumapili alisoma. Alisoma mpaka watoto wa mlangoni wakanyamaza, akashusha mikono, na kanisa zima likamjibu kama kawaida ya mwisho wa somo, "Tumshukuru Mungu." Nilikuwa nimekaa nyuma, nikisikia kazi yangu yote ikipaa kwenda darini kwa sauti nzuri.

Siku ya mtihani tulifika Kitale mapema, baridi ya kule ikatupokea. Simu zilikusanywa mlangoni. Senge alinipa mkoba wake, akanishika kidole kile nilichokila, akakiangalia, akaingia. Nilikaa kwenye benchi. Nikasimama. Nikakaa. Nyuma ya jengo kulikuwa na dirisha lenye kioo kilichopakwa rangi nyeupe, ila kona moja rangi ilikuwa imekwaruzika, na ni nani angeniona?

Nilimwona. Alikuwa safu ya tatu, uso umegeukia skrini, mwanga umempiga kwenye paji la uso. Midomo yake ilikuwa inasogea.

Jamani. Msimamizi alikuwa upande ule mwingine, anatembea polepole kuelekea kwake.

"Wewe msichana!" Alikuwa askari wa lango, na rungu. "Unachungulia nini hapo? Unataka kuonyesha mtu majibu?"

"Mimi mwenyewe siyajui, mzee."

"Basi toka kwa hiyo dirisha, kaa pare kwa benchi."

"Mzee, dakika moja tu, ni Senge yangu, midomo yake—"

"Midomo yake ni yake. Kaa pare!"

Nikakaa pare. Kwa hivyo sikuona kama msimamizi alifika, wala kama aliinua kidole. Nilingoja mlango ufunguliwe katikati ya mtihani, Senge atolewe kwa mkono. Kila kiatu kilichopita ndani nilikisikia kwenye meno. Mlango haukufunguliwa mpaka wote walipotoka.

"Midomo yako ilikuwa inasogea," nikamwambia kabla hata ya salamu.

"Kweli?"

"Nimeona kwa dirisha. Alikuja? Alifanya kidole?"

"Sikumwona mtu yeyote," Senge akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka usingizini. "Nilikuwa nasoma habari ya ugonjwa fulani ya ng'ombe. Nanjala, hiyo ugonjwa ni mbaya sana."

"Kwa hivyo ulielewa?"

"Sijui kama nilijibu vizuri."

Sikupata zaidi ya hayo. Wenzangu, hakuna somo lolote kazini linalokutayarisha kwa siku za kungoja. Ulichokuwa unafanya kila siku kimekatika ghafla, na mikono haina kitu. Nilimtumia Senge kifungu kimoja kwa mazoea, akanijibu, "Pumzika."

Jumamosi tulikuwa Kamukuywa kwa Kukhu, sote tumezunguka rundo la mahindi tukipukuchua. Kukhu kwenye kiti chake kifupi, Baba kwenye debe, mimi na Senge kwenye gunia. Simu ya Senge ililia. Akapangusa mikono, akaitazama, na nikaona kwenye macho yake kwamba ni chuo.

Akageuka upande. Akaiweka karibu na kifua. Akasoma.

Midomo imefungwa kabisa. Koo limetulia. Macho yakashuka mpaka chini, yakapanda juu, yakarudi katikati, na usoni hapakuwa na kitu hata kimoja cha kushika. Mimi ndiye niliyemfunza hivyo, kwa jasho langu na kitabu changu cha Kemia.

"Wamesema nini?" Baba akauliza.

Kimya.

"Nekesa! Ni wao?"

Alikuwa anairudia kutoka juu.

"Senge," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya paka, "aki, soma kwa sauti."

Akanitazama kama nimemtukana. "Kwa sauti?"

"Kwa sauti, bana! Tafadhali!"

Senge akasimama. Akatikisa makapi ya mahindi kwenye sketi, akashika simu kwa mikono miwili, akainua kidevu. Na hakutusaidia hata kidogo. Alianza na jina la chuo. Akasoma sanduku la posta. Akasoma nambari ya kumbukumbu, tarakimu baada ya tarakimu, Baba akishika kichwa. Akasoma salamu, akasoma majina yake yote matatu akitua kila jina. Kukhu alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye Kiingereza hajui hata cha kuomba maji. Senge akafika kwenye alama za msamiati, akatua. Akafika kwenye alama za kusoma, akazitamka kwa ile sauti ya kufika mlangoni, kisha sentensi ya mwisho, ile ya siku ya kuripoti na vitu vya kubeba, blanketi moja, ndoo moja, viatu vyeusi visivyo na kisigino. Akashusha simu.

Mimi nilikuwa bado natafuta pumzi ya kutafsiri. Baba alikuwa anauliza, "Viatu? Kwa hivyo?" Kukhu hakumngoja yeyote. Nekesa wake alikuwa amesoma hadi mwisho na kushusha mikono, na kinachojibiwa hapo anakijua.

"Tumshukuru Mungu," akasema, na akaokota gunzi lingine.